Zamu ya Jioni

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukaegemezwa ukuta wa duka la vipuri lililofungwa zamani. Ubao aliutoa Msumari kwenye mabaki ya kazi yake, na kwa kuwa kazi yake ni majeneza, hakuna anayekaa hapo asikumbuke, japo mara moja kwa siku, kwamba amekalia kilichobaki kwa mtu. Mbele kuna jiko la makaa na birika jeusi la muuza kahawa, ambaye naye anaitwa Birika, kwa sababu ni mfupi, ana tumbo, na hasemi mpaka achemke. Mkono wa kushoto, ukifuata ukuta, unafika kwenye bekari ya zamani iliyogeuzwa karakana ya vioo. Kutoka huko huja ngurumo ya feni inayopulizia moto, mchana na usiku, usiku na mchana, hata watu wa mtaa wameacha kuisikia, kama mtu anavyoacha kuusikia moyo wake mwenyewe. Jioni hiyo Cheche, fundi wa kuchomelea, alikuja kijiweni na ombi moja tu. Akakaa. Akapewa kikombe. Ombi akaliweka kando kwanza.

— Mbona umekaa pembeni kama mgeni? Breki alimwuliza. Sogea, ubao haung'ati.

Breki aliendesha malori mpaka mgongo ukamgomea. Kila ubishi anaotaka uishe huuambia "hapo funga breki", na haujawahi kufunga hata mmoja.

— Anauogopa ubao wangu, alisema Msumari. Na kipimo chake ninacho kichwani.

— Kipimo cha nini?

— Seremala hamtazami mtu bure, bwana.

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaokwepa kitu. Kila mmoja alijua mazungumzo yangeishia wapi, maana siku hizi yalikuwa yanaishia pale pale: kwenye taa.

— Mimi bado nasema ni ndoano, Breki alianza. Taa ilikuwa nzito. Malori yanapita, ukuta unatikisika, ndoano inalegea leo, inalegea kesho. Haba na haba hujaza kibaba.

— Ndoano niliichomelea mimi, alisema Cheche.

— Sijasema nani kachomelea. Nimesema ndoano.

— Basi nenda kaitazame. Ipo pale pale, imeshika shingo ya taa. Taa haikuanguka, Breki. Ilipasuka ikiwa inaning'inia.

Ndivyo ilivyokuwa. Ilipasuka yenyewe, jioni kungali kweupe, pasipo jiwe wala upepo, na kipande kimoja kikamwingia jichoni Mama Sindano, mshonaji wa mtaa, aliyekuwa amesimama chini yake mlangoni akisubiri kuingia zamu. Hospitali walilitoa jicho. Hawakuwa na la kuokoa.

Turudi nyuma kidogo, maana kahawa bado ipo. Mdogo wake Cheche, wa tumbo moja na ziwa moja, mtaa ulimpa jina la Pumzi. Alifanya kazi kiwanda cha chupa mpaka kiwanda kikafunga milango, akarudi nyumbani na vitu viwili: bomba la chuma la kupulizia kioo, na chungu cha udongo mgumu, kikubwa kama pipa, kimefungwa mablanketi kama mgonjwa. Chungu hicho ndicho kinachokaa ndani ya tanuri na kuyeyushia kioo, na kina sharti moja. Kikishapata moto hakitaki kupoa tena. Kikipoa kinapasuka, na waliokuwa wakifinyanga vyungu vya namna ile wamekwisha. Kwa hiyo moto haulali, na kwa kuwa moto haulali, lazima awepo mtu asiyelala.

Mtu mmoja hawezi. Pumzi akapita nyumba kwa nyumba: njoo ushike zamu, uchunge oili chafu inavyodondokea motoni, usikilize feni, nami nitakufundisha kupuliza. Mwenye zamu ana nafasi kwenye bomba. Watu walianza kwa udadisi, wakaendelea kwa kuona haya kumwangusha mwenzao, mwisho wakaendelea kwa kupenda. Mama Sindano alijifunza kuvuta shanga nyembamba kama nyuzi zake. Fundi viatu alitoa bilauri iliyopinda, akaiweka dirishani mwake ili wapita njia waone ilivyopinda. Mtaa uliokuwa ukikutana misibani tu ukaanza kuitana kwa zamu: huyu wa alfajiri, yule wa mchana, Mama Sindano wa jioni. Yakawa kama majina ya ukoo.

Kisha wakaitaka taa. Taa kubwa moja, itundikwe juu ya mlango wa karakana, iwe ya wote.

— Kioo kina kumbukumbu, alisema Msumari sasa, akipuliza kahawa yake. Mbao nazijua, zinakumbuka mti. Kioo je? Mle ndani mliweka dirisha la nyumba iliyoungua. Mliweka chupa za dawa za marehemu mke wa fundi saa. Mliweka na bilauri za harusi ya binti wa jirani. Unapika msiba na harusi chungu kimoja, halafu unategemea vikae kwa amani?

— Na nani aliyesema viwekwe? Birika aliuliza, macho yake kwenye makaa.

Cheche aliitazama kahawa yake ikizunguka kikombeni, akaiona siku ile. Pumzi alikuwa amesimama mbele ya ubao huu huu, glovu zake kwapani, akiomba chupa za kijani za aina moja tu. "Kioo na kioo si ndugu," aliwaambia. "Kila kimoja husinyaa kwa namna yake kikipoa. Ukivichanganya vinavutana humo humo ndani, kimyakimya, hamuoni kitu, mpaka siku vinapoachana." Wakili, mwenzao wa kijiweni, alisimama akajibu kwamba kukubali chupa ya huyu na kukataa dirisha la yule ni ubaguzi, kwamba umoja ni nguvu, na kwamba asiyekuwepo na lake halipo, kwa hiyo kila nyumba ilete kioo chake. Mikono ikanyooka ubao mzima. Cheche alipotazamwa alikuwa na kikombe mdomoni, na kikombe mdomoni kikahesabiwa kuwa ndiyo. Pumzi aliwatazama mmoja mmoja. Alihitaji watu wa zamu kuliko alivyohitaji kuwa sahihi. Akakubali.

Na ubaya wake ni kwamba taa ilitoka nzuri. Rangi yake ilikuwa ya maji ya mto baada ya mvua, yenye mawingu mawingu, na watu walikuja na watoto wao, wakisimama chini yake na kunyoosha vidole. Lile wingu la juu ni dirisha letu. Ile michirizi ni chupa za baba.

— Tuache ushirikina, Wakili alisema. Hapa kuna mkono wa mtu.

Sheria yote anayoijua Wakili aliipata siku alipoitwa mahakamani kuwa shahidi wa ajali ya baiskeli. Alirudi na maneno mengi kuliko aliyokwenda nayo.

— Jiulizeni, aliendelea. Nani amefaidika taa ilipopasuka? Wauza vikombe vya plastiki. Watu wameacha kununua vikombe vyao, wananunua bilauri za Pumzi. Wanakaa kikao, wanamtuma mtu. Mtu anapita barabarani, mikono mfukoni, anapiga mluzi.

— Mluzi?

— Kila kioo kina mluzi wake. Ukiupata, kinapasuka. Hilo limethibitishwa mahakamani.

— Mahakamani ulikwenda kwa kesi ya baiskeli, alisema Msumari.

— Na baiskeli ilikuwa na kengele. Unafikiri kioo cha gari kilipasuka kwa nini?

Breki akafikiri. Akaona tundu katika hoja.

— Sasa siku ile nani alipita akipiga mluzi? Mimi nilikuwa hapa, sikusikia.

— Mpiga mluzi wa kukodiwa humsikii. Ndiyo ufundi wake. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Sasa hapo ki nguoni kimeingiaje?

— Kimeingia, Msumari. Fikiria usiku utakiona.

Cheche aliona upenyo.

— Jamani, nilikuwa na neno. Zamu ya jioni...

— Subiri kidogo, ndugu yangu, Breki alimshika goti. Hili la mluzi lina uzito.

Cheche akasubiri. Tangu taa ipasuke, zamu zilikuwa zimeanguka moja moja kama meno ya mzee. Waliondoka kwanza wenye watoto, wakafuata wenye wake, wakafuata wenye kuogopa watu watasema nini. Hakuna aliyekuja kuaga. Kila mmoja alichelewa siku moja, kisha akachelewa moja kwa moja. Akabaki yeye na mdogo wake, mmoja anachunga moto, mwingine anajilaza kwenye magunia ya chupa, wanapokezana, wala hawalali. Asubuhi ile alikuwa amechomelea bawaba ya lango la mteja upande wa kushoto badala ya kulia, na hakujua mpaka mteja alipojaribu kuingia.

Cheche alipokuwa akitoka karakana kuja kijiweni, Pumzi alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, uso umekauka kama wa mtu aliyetoka msibani.

"Kaka," alisema, "macho yangu hayafumbi tena hata nikiyaamuru. Nikianguka humu nitauchoma mtaa mzima. Nenda kwa wenzako, kanywe kahawa, niletee mtu mmoja. Mmoja tu. Nikisikia Birika anagonga birika lake na hujaja na mtu, nazima feni, nafungua mlango wa tanuri, baridi iingie. Sitaki chungu kife polepole."

Maana Birika, kahawa ikiisha, huligonga birika lake kwenye tofali kutoa machicha. Anagonga mara tatu, kwa nguvu, na mtaa wote hujua siku imefungwa.

— Kahawa inaelekea chini, alisema Birika.

— Nitilie tena, Cheche akasema upesi. Kidogo kidogo.

— Sasa mimi naongea, na mnisamehe, alisema Breki, akajinyoosha kadiri mgongo ulivyomruhusu. Nimefikiri. Taa ile ilipulizwa na nani? Na Pumzi. Ndani yake kulikuwa na nini? Pumzi yake. Na siku ile alipuliza akiwa na kinyongo, kwa sababu kijiwe kilimpinga. Sasa kinyongo kimepulizwa, kimefungiwa ndani ya kioo. Kinyongo kinakaa? Hakikai. Kinatafuta mlango.

— Hapo sasa, alisema Msumari.

— Hapo funga breki.

— Taa ilikuwa na mdomo wazi chini, Cheche alisema, na sauti yake ilimtoka nzito kuliko alivyotaka. Wewe mwenyewe ulipanda ngazi ukaingiza balbu. Kama ni pumzi, ilitoka siku ile ile.

— Ilitoka nyingi. Haikutoka yote.

— Mdogo wangu hana kinyongo na mtu.

— Hatumsemi mdogo wako, Cheche. Tunaisema pumzi.

Wakili aliweka mkono kifuani, kama afanyavyo kila anapotaka kusema jambo la kufariji.

— Na kuhusu Mama Sindano, nadhani tusihuzunike kupita kiasi. Wahenga walishasema, heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Msumari akainamisha kichwa. Hata Breki akakohoa. Birika akaweka chini kifuniko cha birika, na wote wakajua amechemka.

— Hiyo kamwambie yeye, alisema. Mwambie wakati anatunga uzi kwenye sindano.

Pikipiki ikapita. Vumbi likatua kwenye vikombe, na hakuna aliyefunika chake. Cheche akasimama. Hakuwahi kusimama akisema kitu kijiweni, na kwa hiyo wote wakamtazama.

— Nani atashika zamu ya jioni? aliuliza. Leo tu. Pumzi hajalala tangu sijui lini. Mimi sina mikono tena. Mtu mmoja akae kwenye moto mpaka sisi wawili tulale kidogo. Ni kukaa tu.

— Mgongo wangu unaujua, Breki alisema.

— Ni kukaa, Breki. Tangu mchana umekaa hapa.

— Kukaa kwa hapa na kukaa kwa kule si kukaa kumoja, bwana.

— Msumari?

— Nina jeneza la kumalizia.

— La nani?

Msumari akakwaruza ubao kwa ukucha.

— Bado hajafa. Lakini familia imeniambia niwe tayari.

— Birika?

— Mke wangu kaapa, alisema Birika polepole. Nikipita hata mbele ya mlango ule, nisirudi kwake. Ningeenda, Cheche. Nakuambia kweli, ningeenda.

— Mimi kisheria siwezi kuingia eneo la tukio kabla ya uchunguzi, alisema Wakili. Lakini sisemi tukae bure. Mtoto akililia wembe, mpe. Napendekeza tuunde kamati. Kamati itafute chanzo cha taa kupasuka. Chanzo kikijulikana, watu watatulia, zamu zitarudi zenyewe. Bila chanzo, tutamtuma mtu motoni kwa hoja gani?

— Kamati ikae lini?

— Wiki ijayo, kahawa ikiwepo.

— Moto hausubiri wiki ijayo, alisema Cheche.

— Ndiyo maana ya kamati. Kuondoa pupa. Wanaokubali wanyooshe mikono.

Breki akanyoosha. Msumari akanyoosha nusu, kiwiko kimekunjwa, kama mtu anayejikuna shingo. Wakili akanyoosha wake na kuutazama. Cheche alikuwa na kikombe mkononi. Akakiinamia, akakiweka chini ubaoni, taratibu, kikiwa bado kina kahawa.

— Napinga, alisema.

— Mmoja amepinga, alisema Wakili. Wengi wape.

Birika akainua birika, akalitikisa sikioni, akaliinamisha. Likatoa tone moja, na tone halikufika kikombeni.

— Imekwisha.

— Usigonge, Cheche alimwambia.

— Machicha yakilala humu yatachacha. Kesho mtasema kahawa yangu ina ladha ya kamba.

— Usigonge bado, Birika. Nakuomba. Ngoja nitafute mtu huko barabarani.

Birika akaganda, birika mkononi. Alimtazama Cheche, akawatazama wale watatu wakijipangusa magoti, tayari kuinuka, Wakili akimweleza Breki jinsi mwenyekiti wa kamati anavyopatikana. Uso wake ulijaa damu. Hakuwa mtu wa maneno, na hasira yake ilitafuta njia iliyoizoea. Akaligonga birika kwenye tofali, mara tatu, kwa nguvu kuliko siku zote.

Alipotambua alichofanya, alilitazama lile birika kama si lake.

Cheche alitaka kukimbia, lakini miguu ilikuwa ya mtu asiyelala, na kabla hajapiga hatua alimwona mwanamke anakuja kutoka upande wa barabara kuu. Alikuwa akitembea karibu sana na ukuta, kiganja kikipapasa matofali upande wa jicho lililofungwa bandeji. Mkono wa pili ulishika mfuko wa dawa. Alikosea kidogo umbali wa jiko, akaligusa kwa mguu, akalizunguka.

— Mama Sindano, alisema Msumari, akasogea ubaoni mpaka akambana Breki. Karibu. Karibu ukae.

— Pole sana, mama, alisema Breki.

— Pole, dada yetu, alisema Wakili. Tulikuwa tunakuzungumzia wewe, kwa mema tu.

— Asanteni. Nimeshapoa. Sikai.

Aliwageukia kwa uso mzima, kama anavyolazimika mtu wa jicho moja, akaanzia kwa Breki, akaenda kwa Msumari, kwa Wakili, kwa Birika na birika lake mkononi, akaishia kwa Cheche.

— Wameniruhusu sasa hivi, alisema. Sikupita nyumbani. Njia nzima nilikuwa nawaza jambo moja, hata kule kitandani nilikuwa naliwaza. Zamu yangu ya jioni, nani kanishikia?

Wakili akajipangusa magoti tena. Breki aliitazama barabara kama vile kuna lori lake linakuja. Msumari alitafuta kwa ukucha mahali kwenye ubao ambapo hajapakwaruza bado. Birika akaliweka birika chini, polepole, lisitoe sauti. Na Cheche akampokea mfuko wa dawa.

Wakanyamaza. Na waliponyamaza wakasikia, wote kwa pamoja, kwamba hakuna kinachosikika. Ile ngurumo waliyokuwa wameacha kuisikia haikuwepo. Mtaa ulikuwa mtupu masikioni, kama chumba kilichohamwa. Mama Sindano akageuza kichwa upande wa bekari, upande ambao hakuweza kuuona, akasikiliza.

Ukaja mlio mmoja kutoka kule. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa mfupi na safi, kama wa bilauri baridi iliyopasuka kwa chai ya moto.

Mama Sindano akawageukia tena. Alikuwa bado anangoja jibu.